Pembetatu mraba kwa vitendo: paa, mti na kiwanja cha mteremko

Mtu wa Moshi hapendi kusikia hili, lakini ndivyo lilivyo: ukisimama katikati ya jiji la Arusha ukautazama mlima Meru, unainua macho zaidi kuliko mtu aliyesimama Moshi mjini akitazama Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Kwa kimo hakuna mashindano, kwani Kibo ina mita 5,895 na Meru ina mita 4,560 hivi. Ila jicho halipimi kimo. Jicho linapima pembe, na pembe inatokana na kimo ukikigawanya kwa umbali. Kutoka katikati ya Arusha hadi kilele cha Meru, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 15. Kutoka Moshi hadi kilele cha Kibo ni kama 30.

Habari ya pembe na pande katika pembetatu mraba, yaani yenye pembe moja ya nyuzi 90, inaanzia hapo. Ukiijua pembe, umeujua uwiano wa pande, iwe pembetatu imechorwa kwenye daftari au imesimama kati yako na mlima. Ukiujua uwiano, umeijua pembe. Ukiwa na pembe na upande mmoja tu, pande nyingine mbili zinapatikana bila kuzigusa, na hiyo ndiyo faida yake kwa mtu anayetaka urefu wa kitu asichoweza kukipanda.

Nimeandika kwa ajili ya watu wawili. Mmoja alikutana na sini, kosini na tanjenti shuleni, akazikariri kwa ajili ya mtihani na kuziacha hapohapo. Wa pili ni fundi ambaye hakuwahi kuzisikia, lakini kila siku anazifanyia kazi kwa futi (utepe wa kupimia) na uzi.

Anza kwa kuhakikisha kona ni mraba

Hesabu zote zinazofuata zinasimama juu ya sharti moja: pembe moja ya pembetatu iwe nyuzi 90 kamili. Kona ikiwa na nyuzi 87, kila jibu utakalopata litakuwa limepinda nayo.

Kwenye msingi wa nyumba mafundi wanaimaliza kazi hii kwa tatu-nne-tano. Funga uzi kwenye kigingi cha kona. Pima mita 3 kwenye uzi wa upande mmoja uweke alama, kisha mita 4 kwenye uzi wa upande wa pili uweke alama. Sasa pima kutoka alama hadi alama. Ikiwa mita 5 kamili, kona ni mraba. Ikizidi 5, kona imefunguka, ikipungua, imefunga. Sababu yake ni kanuni ya Pythagoras: 3 mara 3 ni 9, 4 mara 4 ni 16, jumla 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Nafasi ikiruhusu, tumia 6, 8 na 10, kwa kuwa kosa la milimita chache haliumizi sana kwenye vipimo virefu kama linavyoumiza kwenye vifupi. Ukiwa na meza au fremu ya dirisha, sentimita 30, 40 na 50 zinatosha.

Kwa vitu vinavyosimama, kona mraba unapewa bure. Uzi wenye uzito chini yake unaonyesha wima, maji yaliyotulia yanaonyesha mlalo, na viwili hivyo hukutana kwa nyuzi 90 popote ulipo. Ndiyo maana nguzo, ukuta, mti na mlima vyote vinakubali hesabu hii: kimo ni wima, umbali wa chini ni mlalo, na mstari wa jicho lako unafunga pembetatu.

Zipe pande majina, lakini kwanza chagua pembe

Upande mrefu kuliko yote, ule unaotazamana na pembe mraba, ni hipotenusi. Huo haubadiliki jina. Pande mbili zinazobaki hazina jina mpaka useme unasimama kwenye pembe ipi. Upande unaotazamana na pembe yako ni wa mkabala. Upande unaoigusa pembe yako, ambao si hipotenusi, ni wa jirani.

Chukua ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ngazi yenyewe ni hipotenusi. Ukizungumzia pembe ya chini, pale ngazi inapokanyaga ardhi, ukuta ni mkabala na ardhi ni jirani. Ukihamia pembe ya juu, pale ngazi inapogusa ukuta, majina yanageuka: ardhi inakuwa mkabala na ukuta unakuwa jirani. Wanafunzi wengi hupotezea alama hapa. Wanajifunza kwamba mkabala ni ule uliosimama, na swali likija na pembetatu iliyolazwa, wanachanganyikiwa. Weka kidole kwenye pembe uliyopewa, kisha uone ni upande gani kidole hakiugusi. Huo ndio mkabala.

Kugeuka huko kwa majina ndiko kunakofanya sini ya nyuzi 30 iwe sawa na kosini ya nyuzi 60. Ni pembetatu ileile, imesomwa kutoka kona nyingine.

Uwiano ni tatu tu

Sini ni mkabala gawanya kwa hipotenusi. Kosini ni jirani gawanya kwa hipotenusi. Tanjenti ni mkabala gawanya kwa jirani. Waliopita sekondari zetu wanaikumbuka SOTOCAHAH, na bado inafanya kazi: O ni mkabala, A ni jirani, H ni hipotenusi. S ni O juu ya H, T ni O juu ya A, C ni A juu ya H.

Kuchagua kati ya hizo tatu hakuhitaji kipaji. Jiulize una upande gani na unatafuta upande gani. Upande wa tatu, ambao huna na huutafuti, ndio unaokuambia nini cha kuacha. Ikiwa hipotenusi haimo kwenye swali, ni tanjenti. Kwenye kazi za nje mara nyingi ni tanjenti, kwa sababu watu hupima umbali wa chini na kutafuta kimo, na hakuna anayepima mstari wa hewani kutoka jicho lake hadi kileleni.

Turudi kwenye ule ubishi wa Arusha na Moshi. Moshi mjini pako kama mita 850 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Kibo imepanda juu ya mtazamaji mita 5,045 hivi. Gawanya kwa mita 30,000 za umbali: 0.168. Pembe ambayo tanjenti yake ni 0.168 ni nyuzi 9 na nusu. Arusha pako kama mita 1,400, kwa hiyo Meru imepanda mita 3,160 juu yake. Gawanya kwa 15,000: 0.211. Hiyo ni pembe ya karibu nyuzi 12. Arusha wanashinda, japo kwa pembe tu.

Unaweza kujipimia mwenyewe asubuhi mawingu yakiwa hayajashuka. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi. Ngumi ya mtu mzima kwenye mkono ulionyooka inaziba takriban nyuzi 10. Weka sehemu ya chini ya ngumi kwenye usawa wa jicho lako, na ukiwa Moshi, kilele cha Kibo kitakuwa karibu na sehemu ya juu ya ngumi hiyo. Watu hawaamini mlima mkubwa namna ile unatosha ndani ya ngumi moja mpaka wafanye.

Usijaribu, hata hivyo, kukisia kimo cha Kibo kwa kifaa cha mkononi. Kimo cha mita 5,895 kilitokana na upimaji wa mwaka 1952, uliofanywa kwa vyombo vinavyosoma sehemu ndogo sana za nyuzi moja. Kwa umbali wa kilomita 30, ukikosea nyuzi 1 tu, jibu lako linahama kwa karibu mita 540. Tena kwa umbali huo mviringo wa dunia nao unadai chake: unaficha kama mita 70. Kwenye mti wa shambani hayo hayakuhusu.

Namba zinatoka wapi

Zipo pembe chache za kuzijua kwa kichwa, kwa kuwa zinakupa njia ya kukagua kila jibu. Sini ya 30 ni 0.5. Tanjenti ya 45 ni 1, maana pande mbili zinalingana. Tanjenti ya 30 ni 0.577, ya 60 ni 1.732. Tatu-nne-tano ya mafundi ina pembe za nyuzi 36.87 na 53.13.

Nyingine zitoe kwenye kikokotoo au kwenye simu. Kabla ya yote, bonyeza sini ya 30. Usipopata 0.5, kikokotoo hakiko kwenye nyuzi. Kikikupa -0.988, kiko kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe wanachokitumia wa kidato cha tano na cha sita, kikikupa 0.454, kiko kwenye mfumo mwingine unaogawanya pembe mraba mara 100. Badilisha hadi uone alama ya D juu ya kioo. Mtu anaweza kukosea swali zima akidhani hajui hesabu, kumbe mdogo wake alichezea vitufe.

Mwanafunzi wa kidato cha nne ana habari yake tofauti, kwa sababu kwa miaka mingi karatasi ya hisabati imefanywa kwa kitabu cha majedwali badala ya kikokotoo. Jedwali linasomwa kwa nyuzi na dakika, na nyuzi 1 ina dakika 60. Kwa hiyo nyuzi 20.56 si nyuzi 20 na dakika 56. Chukua 0.56 uzidishe kwa 60, unapata karibu 34: ni nyuzi 20 na dakika 34.

Jambo la pili kwenye jedwali ni safu ya tofauti iliyo kulia kabisa. Kwenye sini na tanjenti tofauti hiyo inaongezwa. Kwenye kosini inatolewa, kwa sababu kosini hushuka kadiri pembe inavyokua. Mfano: kosini ya nyuzi 35 na dakika 18 ni 0.8161. Unataka ya nyuzi 35 na dakika 20. Tofauti ya dakika 2 ni 3, yaani 0.0003. Unatoa: 0.8158. Aliyeongeza ameandika 0.8164, na mwalimu hahitaji hata kufungua kitabu kujua alichofanya.

Paa: nyuzi za kwenye ramani na mita za fundi

Mazungumzo haya yanasikika kwenye nyumba nyingi zinazojengwa:

"Fundi, paa utalipandisha kiasi gani?"

"Mita moja na nusu, mama. Linatosha kabisa."

"Mbona ramani inasema nyuzi 25?"

"Mama, futi yangu haina nyuzi. Wewe niambie mita."

Fundi hajakosea kitu. Ramani inasema pembe, yeye anataka kimo, na kati ya hivyo viwili ipo tanjenti. Kenchi ya kawaida, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, ni pembetatu mbili mraba zilizopeana mgongo kwenye nguzo ya katikati. Tuseme nyumba ina upana wa mita 8. Nusu yake, mita 4, ndiyo upande wa jirani. Kimo cha nguzo ya katikati ndicho mkabala. Mbao ya mshazari, ile inayobeba papi (mbao nyembamba za kupigilia bati) na mabati, ndiyo hipotenusi.

Tanjenti ya 25 ni 0.4663. Zidisha kwa 4, unapata mita 1.87. Hicho ndicho kimo ambacho ramani inakitaka. Sasa angalia cha fundi: 1.5 gawanya kwa 4 ni 0.375, na pembe yenye tanjenti hiyo ni nyuzi 20.6. Wametofautiana sentimita 37 za kimo. Pengine haina neno, pengine ina neno. Inategemea aina ya bati na jinsi mvua ya masika inavyopiga upande huo. Ila sasa mama na fundi wanabishana juu ya kitu kimoja.

Urefu wa mbao ya mshazari ndio unaoleta hasara watu wakikisia. Una jirani, unataka hipotenusi, kwa hiyo ni kosini. Kosini ya 25 ni 0.9063. Hipotenusi ni 4 gawanya kwa 0.9063, yaani mita 4.41. Usizidishe. Aliyezidisha anapata 3.63, mbao fupi kuliko nusu ya nyumba, na hipotenusi haiwezi kuwa fupi kuliko upande mwingine wowote. Kila ukimaliza hesabu, jiulize swali hilo moja.

Bado kuna kivuli cha paa kinachotoka nje ya ukuta. Kama unataka kitoke sentimita 60 ukipima kwa mlalo, jirani sasa ni mita 4.6, na mbao inakuwa 4.6 gawanya kwa 0.9063, mita 5.08. Ukinunua mabati, la mita 3 na la mita 2.5 yanatosha kwa mstari mmoja wa upande huo, na zinabaki sentimita 40 hivi za kupishana na za kuning'inia kwenye ukingo. Ukisahau kosini ukaagiza kwa kipimo cha mlalo, mita 4.6, utarudi dukani.

Kwa bajeti, hesabu hiyohiyo inasema mengi. Gawanya 1 kwa kosini ya pembe ya paa, unajua eneo la mabati ni mara ngapi ya eneo la chini ya paa. Kwa nyuzi 15 ni mara 1.04. Kwa nyuzi 25 ni 1.10. Kwa nyuzi 35 ni 1.22. Kwa nyuzi 45 inafika 1.41. Anayetoka nyuzi 15 kwenda 35 kwa sababu ameona nyumba ya jirani imependeza, ajue anaongeza mabati kwa karibu asilimia 18, kabla hajahesabu mbao. Mimi naona hapa kwetu watu wanapandisha mapaa kuliko wanavyohitaji, lakini nyumba si yangu.

Ukiwa juu ya paa lililokwisha jengwa na unataka pembe yake, weka pima maji ikiwa mlalo, ncha moja ikigusa bati. Kutoka kwenye ncha hiyo pima sentimita 100 kwenye pima maji, kisha pima kwa wima kutoka hapo hadi kwenye bati. Ukipata sentimita 40, tanjenti ni 0.40, pembe ni nyuzi 21.8. Simu nyingi siku hizi zina programu ya kusoma mwinamo, nayo inafaa, mradi uilaze kwenye mbao iliyonyooka na si juu ya mawimbi ya bati.

Ngazi, kwa kifupi

Ngazi inakaa salama ikiegemea kwa nyuzi kama 75. Kwa futi ni rahisi zaidi: kila mita 4 za ukuta, mguu wa ngazi utoke mita 1. Tanjenti ni 4, pembe ni karibu 76. Ngazi ya kufika mita 4 ukutani kwa mkao huo iwe na mita 4.12 au zaidi.

Mti kabla hujaita mwenye msumeno

Migrevilea ya kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachaga, imepandwa karibu na nyumba, na nyumba nyingine zimejengwa karibu na migrevilea. Kabla ya kuuangusha mmoja, lazima ujue kama unaweza kufika kwenye paa lako au la jirani. Hapa ndipo kifaa cha shilingi chache kinapookoa fedha nyingi.

Chukua kipima pembe cha nusu duara kilichomo kwenye mkebe wa mwanafunzi. Gundisha mrija wa soda kwenye ule ukingo ulionyooka. Pitisha uzi kwenye tundu dogo lililo katikati ya ukingo huo, na mwisho wa uzi funga nati. Nati iwe nzito kiasi, la sivyo upepo utausukuma uzi. Kifaa kimekamilika.

Shika ukingo wenye mrija ukiwa juu, duara likiwa chini, uchungulie kwenye mrija mpaka uone ncha ya mti. Uzi unaning'inia wima na kukata namba fulani. Mwenzako ndiye asome, kwa sababu ukishusha kifaa ili usome mwenyewe, uzi unahama. Kama hakuna wa kusoma, bana uzi kwa kidole kabla ya kushusha. Ukichungulia sawa na mlalo, uzi unapita kwenye 90. Kwa hiyo pembe ya mwinuko ni 90 toa namba uliyosoma. Uzi ukisoma 42, pembe ni 48.

Kwenye ardhi tambarare mambo ni haya. Simama mahali unapoiona ncha na shina bila kuzuiwa na migomba. Pima umbali hadi shinani: tuseme mita 18. Pembe ni 48. Tanjenti ya 48 ni 1.1106, zidisha kwa 18, unapata 19.99. Usiishie hapo, maana pembe imepimwa kutoka kwenye jicho na si kwenye unyayo. Ongeza kimo cha jicho lako, mita 1.6. Mti una mita 21.6. Kama nyumba iko mita 19 kutoka shinani, mti huo usiangushwe mzima kuelekea huko. Ukatwe vipande kutoka juu.

Njia ya mkato ipo kwa asiyependa majedwali. Rudi nyuma taratibu ukichungulia, mpaka uzi usome 45. Hapo umbali wako hadi shinani, ukijumlisha kimo cha jicho, ndio kimo cha mti. Tanjenti ya 45 ni 1, hakuna cha kuzidisha.

Shida ni kwamba kihamba cha Kibosho au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, si uwanja wa mpira. Ardhi inashuka. Ukisimama upande wa juu wa mti, shina liko chini ya usawa wa jicho lako, na hapo unapima pembe mbili: moja ya kupanda hadi kwenye ncha, moja ya kushuka hadi kwenye shina. Tuseme umbali wa mlalo ni mita 18, pembe ya kupanda ni 41, ya kushuka ni 15. Tanjenti zake ni 0.8693 na 0.2679. Zijumlishe: 1.1372. Zidisha kwa 18, unapata mita 20.5. Kimo cha jicho hakiongezwi safari hii, kwa sababu pembe ya kushuka imeshakihesabu. Ukisimama upande wa chini na shina likawa juu ya usawa wa jicho lako, unatoa tanjenti ndogo badala ya kujumlisha.

Umbali huo, nasisitiza, ni wa mlalo. Futi isilazwe kwenye majani kufuata mteremko.

Jibu lako litakuwa na kosa kiasi gani? Kwa umbali wa mita 20 na pembe ya nyuzi 40, kukosea nyuzi 1 kunahamisha kimo kwa sentimita 60 hivi. Kwa kuangusha mti, ongeza mita mbili za tahadhari ulale vizuri. Usisimame karibu sana na mti pia. Pembe ikizidi nyuzi 60, kila kosa dogo linakua kwa kasi, na ncha unayoiona huenda ni tawi la mbele tu.

Kama shina halifikiki, kwa mfano kuna mto au ukuta wa mtu, pima pembe mara mbili kwenye mstari mmoja unaoelekea kwenye mti. Tuseme ukiwa mbali ni nyuzi 30, ukisogea mita 10 mbele ni 42. Gawanya 1 kwa kila tanjenti: 1.7321 na 1.1106. Tofauti yake ni 0.6215. Chukua 10 ugawanye kwa 0.6215: mita 16.1 juu ya jicho lako. Hizo ni pembetatu mbili mraba zinazochangia kimo kimoja.

Kiwanja cha mteremko kinapopungua kwenye karatasi

Hili limegombanisha ndugu. Mtu ameuziwa kipande chenye urefu wa mita 40, futi imelazwa ardhini mbele ya mashahidi, wote wameona. Baadaye mpimaji anakuja na kusema ni mita 37.6. Anaonekana ameiba. Hajaiba. Ramani za upimaji huandika umbali wa mlalo, na futi iliyolazwa kwenye mteremko inapima hipotenusi. Mlalo ndio upande wa jirani: 40 zidisha kwa kosini ya pembe ya mteremko. Kwa nyuzi 20, kosini ni 0.9397, jibu 37.6.

Mteremko mdogo hauleti kesi. Kwa nyuzi 5 mita 40 zinapungua sentimita 15 tu. Kwa nyuzi 10 ni sentimita 61. Kuanzia hapo upungufu unaongezeka haraka.

Kupata pembe ya mteremko, chukua kijiti ukikate kimo cha jicho lako, ukisimamishe mwisho wa mstari. Simama mwanzo wa mstari, chungulia ncha ya kijiti kwa kile kifaa chako. Kwa kuwa jicho na ncha viko kimo kilekile kutoka ardhini, mstari wa jicho unakwenda sambamba na ardhi, na pembe unayosoma ndiyo ya mteremko. Ukichungulia kushuka, uzi utavuka 90. Toa 90 kwenye namba uliyosoma.

Asiyetaka kosini avute futi kwa mlalo, hatua kwa hatua kama ngazi. Mmoja anashika sifuri ardhini upande wa juu, mwingine anashuka mita tatu au nne, anainua futi mpaka pima maji iseme sawa, kisha anashusha timazi (uzi wenye uzito) kutoka kwenye namba hiyo hadi ardhini na kupigilia kigingi. Wa juu anahamia kwenye kigingi, wanaanza upya. Futi ivutwe ikaze, isilegee katikati. Jumla ya hatua hizo ndiyo urefu wa kwenye ramani. Ilinganishe na jibu la kosini. Kwa mita 40 za mteremko wa nyuzi 20, kosa la nyuzi 1 kwenye kusoma linahamisha jibu kwa sentimita 24. Zikipishana zaidi ya hapo, rudieni kuvuta futi kabla ya kumwita mwenyekiti wa kitongoji.